Mtungi wa lita 20 na shahada yetu

Nilipofanywa katibu wa kamati ya kuandaa shahada mpya ya sayansi za jamii, katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, nilidhani kazi ni kuandika kumbukumbu za mikutano na kuagiza chai. Idara zilikuwa tano: uchumi, sosholojia, anthropolojia, sayansi ya siasa na jiografia. Kila moja ilileta kozi zake za zamani, tukazipanga mwaka wa kwanza hadi wa nne. Mzee wetu wa jiografia akaisoma rasimu, akavua miwani. "Hii ni githeri gani? Mahindi sufuria yake, maharagwe yake."

Tulinuna, lakini alisema kweli.

Jumamosi moja tukashuka Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, tukasimama kando ya kioski cha maji. Mama mmoja alijaza mtungi wa lita 20, akalipa. Aliyemfuata alijaziwa, akaondoka bila kutoa hata shilingi. Mwenzetu wa uchumi akaanza kupiga hesabu ya hasara. Wa anthropolojia akauliza wale wawili wanahusianaje. Mimi macho yalikuwa kwenye bomba la plastiki lililopitishwa ndani ya mtaro wa maji taka. Wa siasa akatukumbusha kwamba kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha, na kwamba huduma hiyo ni jukumu la kaunti. Tulibishana mpaka tukakosa matatu ya bei nafuu.

Jumatatu tukafuta orodha nzima. Mwaka wa kwanza ukapata kozi ya lazima, Maji Jijini, walimu wawili darasa moja. Mbinu za utafiti tukazivuta hadi mwaka wa pili, takwimu na mahojiano pamoja: mwanafunzi ahesabu mitungi, kisha aketi amsikilize anayeibeba.

Nadharia hazikutugombanisha. Saa ndizo zilizotugombanisha. Walimu wawili wakifundisha kipindi kimoja, kila mmoja aandikiwe kizima au nusu? Hilo lilitula miezi mitatu, na bado naona aibu. Tulikubaliana kizima, ila kwa kozi hiyo pekee.

Seneti imepitisha, sasa andiko liko kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Mzee wa jiografia ameshajiandikisha kufundisha Maji Jijini. Amechagua kufundisha na yule wa uchumi.