Siku Nilipomzuia Kipa Wetu Asitoke Kuhojiwa

Ligi kuu ya soka ya Kenya iliporudi Mei 2021, baada ya michezo kusimamishwa Machi kwa sababu ya korona, tulicheza mbele ya viti vitupu. Watu walidhani wachezaji tumepumua. Wapi! Shabiki wa uwanjani hukutukana dakika 90 akaenda zake. Msimu ule wote walihamia redioni na Facebook, na huko refa hapulizi kipenga cha mwisho.

Nilikuwa kapteni wa timu moja ya ligi kuu hapa Mombasa. Kipa wetu alikuwa kijana wa Likoni, mpole, msimu wake wa kwanza ligi kuu. Alikuwa keshaandamwa tangu mechi za nyuma. Siku hiyo mpira mwepesi ukampita tobo dakika za mwisho, tukafungwa 1-0. Hatujavua viatu, klipu ishazunguka. Mtangazaji mmoja ambaye kipindi chake husikizwa kila kibanda cha kahawa alikuwa kasimama mlangoni, simu iko hewani moja kwa moja. Alimtaka kipa, si mwengine.

Nilimkuta chooni, kaketi sakafuni na glavu zake, ahema kama mtu aliyeopolewa baharini. Nikachutama, nikamuuliza wapi kwamuuma.

"Hakuumi, kaka. Moyo waenda mbio. Usingizi sina, chakula hakipiti."

"Umemwambia nani?"

"N'mwambie nani? Juzi kwenye feri mtu kanionyesha kidole mbele ya abiria wote, kaniita gunia. Mamangu kanipeleka kwa maalim nikasomewa. Nikenda Port Reitz, mtaa mzima utasema n'merukwa na akili."

Kwa asiye wa huku: Port Reitz ndiko wagonjwa wa akili wa Pwani hupelekwa, na kulitaja jina hilo peke yake hutosha kumharibia mtu posa.

Ofisa wa timu akaja, ataka atoke. Wadhamini wataka sura, na kanuni ni kanuni. Nikamwambia hatoki. Angekuwa ameteguka kifundo cha mguu, hapa tungekuwa twatafuta barafu, hakuna ambaye angemburura mlangoni akajieleze. Akanitajia faini. Nikamwambia anikate mimi, kisha nikatoka.

"Kipa kajificha?" mtangazaji akaniuliza.

"Hajajificha. Hayuko sawa. La goli niulize mimi."

Akalirudia swali lile lile, kwa maneno mengine, tena na tena. Najua naye ana kazi yake, na maswali magumu ni haki ya msikilizaji. Lakini mtu ambaye pumzi haijamrudi hana habari ya kukupa. Utakachopata kwake ni machozi, na machozi ya kijana wa watu si kitu cha kurushwa hewani.

Siku zizo hizo kila simu ilikuwa na habari za Naomi Osaka, mcheza tenisi wa Japani. Alikuwa amesema kwenye mashindano ya Paris hatakwenda kwenye mikutano na waandishi, ili ailinde akili yake. Aliposhinda mechi ya kwanza akatozwa faini ya dola 15,000, na wakuu wa mashindano yote manne makubwa wakamwonya kwamba aweza kutolewa. Tarehe 31 Mei akajitoa mwenyewe, akaandika kuwa amesumbuliwa na sonona, huzuni nzito ambayo ni ugonjwa, tangu aliposhinda mashindano ya US Open 2018. Faini ile naiona aibu kwa tenisi mpaka leo.

Nilimchukua kijana hadi Mama Ngina, kando ya bahari, tukanunua mihogo ya kukaanga, nikamsomea habari ile yote. Tenisi haijui kabisa.

"Huyu ni wa ngapi duniani?"

"Wa pili."

"Na pesa anazo?"

"Anazo nyingi."

Akanyamaza kitambo, muhogo mkononi. "Basi hii si jini, kaka. Wala si kwamba mimi sijui kudaka."

Hilo nilikuwa nimelisema kwa namna zote nizijuazo, lisimwingie. Lilimwingia kwa mwanamke wa Kijapani ambaye hajawahi kumwona.

Port Reitz tulikwenda na mamake. Daktari alimuuliza usingizi, chakula, kisha akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama amewahi kutamani kufa. Kijana akatikisa kichwa kukubali. Mamake, aliyekuwa akilalamika tangu getini kwamba mwanawe si mwendawazimu, alimshika mkono akamwambia, "Na mimi nalala chumba cha pili, mwanangu."

Dawa alipewa, na miadi ya kurudi kuzungumza. Mwalimu wa timu alimweka benchi bila kumtangaza, jambo ambalo namshukuru nalo hadi leo. Ofisa hakunikata kitu. Kabla msimu haujaisha kijana alikuwa amerudi langoni, na kwa waandishi tukakubaliana niendelee kwenda mimi mpaka atakapotaka mwenyewe.