Nimepanda Rondo kuutafuta mpira wa porini

Alfajiri nimedaka kosta ya Lindi pale stendi Mtwara, Mikindani tumepita bado giza, nikashuka Mnazi Mmoja nikaunganisha gari ya Masasi mpaka Mtama, na kutoka hapo kupanda Rondo, nyanda ya juu yenye msitu, ni bodaboda mwanzo mwisho, vumbi jekundu na mikorosho kila upande.

Kilichonipeleka ni kipira cha gofu. Binamu yangu anabebea watu mifuko ya gofu pale Lugalo, Dar, akanipa kimoja cha zamani kimepasuka, ganda limeachia, na ndani yake jamani kuna uzi wa mpira mwembamba kama tambi umeviringwa raundi kwa raundi, ukiuvuta unarefuka ukiuachia unarudi. Mtindo huo aliuanzisha Mmarekani Coburn Haskell mwaka 1898 kule Ohio. Kabla yake, tangu 1848 hivi, watu walichezea vipira vya gutapecha, utomvu wa miti ya huko Malaya, unakauka mgumu haunesi sana. Ila 1902 mcheza gofu Sandy Herd akachukua ubingwa wa wazi wa Uingereza na kipira cha Haskell, basi gutapecha ikaishia hapo. Siku hizi kiini kinatengenezwa kwa mpira wa viwandani unaotokana na mafuta.

Sasa miaka hiyohiyo ya Haskell, huku kwetu Lindi na Kilwa, mpira wa porini, yaani utomvu wa mitambaa ya msituni, ulikuwa biashara kubwa ya bandarini, na wagemaji walikuwa wanaushusha pwani umeshaviringwa matonge. Hilo ndo lilinikosesha usingizi, nikasema lazima nione kwa macho.

Kule juu nikaelekezwa kwa babu mmoja wa Kimwera. Shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu, umefuata mbao? Nikamwambia hapana, nimefuata mpira, akanitazama kwanza halafu akachukua panga tukaingia msituni. Mtambaa wenyewe ni wa jamii ya mbungo, wataalamu wanauita Landolphia kirkii, umepanda mti mpaka kileleni huoni mwisho wake. Akaukata kidogo tu, ganda la juu, maziwa meupe yakatoka matone matone, akawa anayapaka kwenye mkono wake hapa chini ya kiwiko, tukasubiri huku anapiga stori, yakaanza kunata, akayabandua taratibu kama ngozi nyembamba, akayavuta na kuyaviringisha, akapaka tena, akaviringisha tena juu ya yale ya kwanza. Kikapatikana kitonge kidogo kuliko ndimu, akakidunda kwenye jiwe kikaruka mpaka kifuani kwangu! Anasema utotoni walichezea hivyohivyo, wakubwa wakiuza.

Nikatoa kile cha gofu nikampa. Akavuta uzi, akanusa, akasema huyu aliyeviringa anajua kazi. Nilifurahi sana kwakweli, maana fundi kamtambua fundi, na hawa wa kwetu hakuna anayewataja.

Kurudi Mtama nikala ugali na kisamvu cha mpira, majani ya mti wa mpira wa jamii ya muhogo. Na huo mti nao una habari yake, asili yake Brazili, Wajerumani waliupanda mashambani wauze utomvu, 1913 bei ikaporomoka sababu ya mpira wa Asia, mashamba yakatelekezwa, sisi tukabaki tunachuma majani. Mama ntilie aliweka nazi ya kutosha, nikaongeza sahani.

Kiangazi kijacho nataka niende Liwale, nasikia kuna wazee huko waliogema zaidi.