Rafiki akikwama na V8 yake, mtajie kazi moja

Mwenye gari la zamani la Kimarekani lenye injini ya V8, yaani ya silinda nane, kama Camaro ya 1969 au Charger ya 1968, lililofunguliwa vipande vipande hana haja ya kuambiwa gari lake litapendeza. Analijua hilo, ndiyo maana alilinunua. Kinachomkwamisha ni kwamba akiingia gereji anakuta kazi chungu nzima na hajui aanzie wapi. Ukitaka kumtia moyo, mtajie moja tu. "Inua zulia la dereva, unipigie picha sakafu." "Chomoa tapeti zote, vile vipande vya chuma vinavyosaidia kufungua valvu, uone kama kila moja inateleza kwenye tundu lake kwa uzito wake yenyewe." Kazi inayokwisha kabla ya jua kuzama ndiyo inayomrudisha gereji kesho yake.

Kwa bodi sina maneno mengi. Mustang na Charger hazina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo inayobeba gari zima. Ukikata sakafu na kingo za chini ya milango bila kwanza kuchomelea mabomba ya mraba kwenye uwazi wa milango, gari hujikunja milimita chache, na hizo chache zinatosha mlango ukatae kufunga. Fanya upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili. Na kwa Mustang za 1965 hadi 1968, kabla hujanunua bati la sakafu, mwaga maji kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele. Yakidondoka ndani, penye miguu ya abiria, basi kutu imeanzia juu. Ukiweka sakafu mpya bila kuziba huko, italoa na kuoza kama ile ya kwanza.

Hatua inayovunja watu moyo kuliko zote ni kuwasha injini mpya mara ya kwanza, na hapa ndipo rafiki anapohitajika kweli. Injini nyingi za enzi hizo zina kemshafti (mhimili unaofungua valvu) yenye tapeti bapa. Kusema kweli uso wa tapeti hauko bapa kabisa: umetuna kidogo, na kamu, yaani nundu ya kemshafti inayoisukuma, nayo imechongwa kwa mshazari mdogo, ili tapeti izunguke huku ikipanda na kushuka. Isipozunguka katika dakika za mwanzo, chuma kinakula chuma. Oili inayolainisha hapo ni ile inayorushwa na krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa, oili hiyo haitoshi. Ndiyo sababu injini ikishika tu inapandishwa mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, ukiipandisha na kuishusha kidogo ndani ya kiwango hicho, kwa dakika 20 hadi 30. Sailensa baadaye.

Maana yake ni kwamba injini inatakiwa ishike mara moja. Ukiizungusha kwa starta dakika kumi ukitafuta taimingi, yaani wakati sahihi wa cheche, grisi ya kemshafti imeshafutika. Kwa hiyo kazi yote iko kabla ya ufunguo.

Paka grisi ya kemshafti kwenye kamu na kwenye uso wa chini wa tapeti, lakini ubavuni mwa tapeti weka oili tu, izunguke bila kukwama. Tumia oili ya kulainishia injini mpya yenye zinki ya kutosha, karibu sehemu 1,200 kwa milioni au zaidi. Oili za magari ya kisasa zimepunguzwa zinki na fosforasi ili zisiharibu vichujio vya moshi, hivyo ile ya duka lolote si salama hapa. Kama valvu zina springi mbili, toa za ndani kwanza.

Kisha jaza oili kwenye njia zake. Kwenye injini ya Chevrolet 350 unatoa distribyuta (kigawa moto wa plagi), unashusha ufito wa kuzungushia pampu ya oili na kuuzungusha kwa drili kufuata mwendo wa saa. Ufito huo lazima uwe na shati la chuma linaloziba tundu kama distribyuta inavyofanya, la sivyo oili inavuja hapo hapo na baadhi ya roka, mikono inayokandamiza valvu, zinabaki kavu. Mwenzako azungushe krenki taratibu kwa mkono huku drili ikiendelea, mpaka oili itoke kwenye pushirodi zote 16, fimbo zinazosukuma roka. Ford 302 inazungushwa kinyume cha saa. Ufito huu mtu anautumia mara moja kwa miaka mingi, kwa hiyo kama unao, uazimishe.

Sasa taimingi. Chomoa plagi namba 1, ziba tundu kwa kidole, zungusha krenki mpaka upepo usukume kidole, kisha simamisha alama ya taimingi kwenye digrii 10 hadi 12 kabla ya pistoni kufika kilele. Hapo ndipo distribyuta inaingia, rota, kipande kinachozunguka ndani yake, ikielekea waya wa plagi namba 1. Anayesahau upepo huiweka nusu mzunguko nje, na injini inapiga moto kupitia kabureta. Silinda za Chevrolet zinawaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Ford 302 ya zamani ni 1-5-4-2-6-3-7-8, lakini 351 Windsor ni 1-3-7-2-6-5-4-8, na wengi hubabaika hapo. Kwenye Chevrolet tenganisha waya wa 5 na wa 7: zimekaa jirani na zinafuatana kuwaka, zikilala sambamba moto unaweza kurukia silinda isiyo zamu yake.

Jaza petroli kwenye kabureta kabla, jaza rejeta, weka feni mbele na kizima moto karibu. Mmoja akae kwenye kichapuzi, mwingine asitoe macho kwenye geji ya oili. Kitu kikivuja au joto likipanda, zima kabisa, usiiache sailensa. Rekebisha, washa, malizia dakika zilizobaki.

Ikipoa, mwaga oili, kata filta na ukunjue karatasi yake. Ute wa kijivu ni grisi ya kemshafti. Chembe zinazong'aa na kushikwa na sumaku ni kamu imeliwa, na injini inabidi ifunguliwe yote kwa sababu chembe hizo zimeshafika kwenye beringi. Rafiki akikutumia picha ya namna hiyo, usimuulize nani alifunga injini. Nenda ukamsaidie kuitoa.

Filta ikiwa safi, kila mtu atataka gari litoke nje. Simamisha hilo kama ni la kabla ya 1967 na bado lina masta silinda (pampu ya breki) ya njia moja, maana bomba moja likipasuka pedali inafika sakafuni na huna breki hata gurudumu moja. Weka ya njia mbili, iliyotengenezwa kwa breki za ngoma kama ngoma ziko pande zote. Itoe hewa kwanza ikiwa kwenye jiriwa, kisha kwenye magurudumu, ukianza na lililo mbali zaidi nayo.