Ebola ya Beni na Butembo: kazi ilianzia mlangoni

Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua 3,470, waliokufa 2,287. Chanjo ilianza kutolewa tarehe 8 Agosti 2018, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Mbona basi ulikaa karibu miaka miwili? Chanjo haimfikii aliyefunga mlango.

Na walioufunga walikuwa na sababu zao. Vijiji vya Beni vilikuwa vinachinjwa tangu 2014, na misururu ya magari ya misaada haikuja. Ikaja kwa ajili ya ugonjwa mmoja, na walinzi wenye bunduki juu. Watu wakaiita biashara ya Ebola. Kisha Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo ukasogezwa hadi Machi, Ebola ikitajwa miongoni mwa sababu, huku karibu nchi nzima ikipiga kura. Septemba ya mwaka huo watu 961 wa miji hiyo miwili walikuwa wameshahojiwa: robo yao walisema Ebola haipo. Sioni ujinga hapo. Ukishadanganywa mara nyingi, unaanza na shaka.

Kwa hiyo timu ya mazishi, ile inayomzika anayeshukiwa kufa kwa Ebola, na ambayo ndiyo inayochukiwa kuliko zote, isifike mtaani ikiwa imeshavaa. Gari liachwe mbali kidogo. Waingie wawili wakiwa na nguo zao za kawaida, pamoja na mtu wa mtaa huohuo anayesema Kinande, lugha ya wenyeji, au Kiswahili cha pale, watoe pole, wakae. Kuvaa mavazi ya kinga kufanyike baadaye, mbele ya familia, ili waone kuwa ndani ya ile suti kuna binadamu mwenye sura. Mzungumzaji awe mmoja. Wawili wakipishana neno moja tu, uvumi umeshapata miguu.

Kabla ya kuchukua sampuli, kijiti cha pamba kionyeshwe, na ielezwe kwamba kinapitishwa mdomoni basi. Uvumi wa kukatwa viungo unazaliwa pale mwili unaposhughulikiwa nyuma ya pazia. Ndugu mmoja avalishwe, aingie ashuhudie. Mfuko wa maiti wenye dirisha la plastiki usoni unasaidia mno, kwani mama anataka kujua anayemzika ni mwanawe. Nguo ya kuzikiwa au rozari inaweza kuwekwa ndani kabla ya kufungwa. Mfuko ukishafungwa na kupuliziwa klorini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 0.5, ndugu wanaweza kulibeba jeneza wakiwa na glavu. Sala isikatizwe. Haraka ya dakika ishirini hulipwa kwa mawe wiki ijayo.

Klorini nayo ina makosa yake. Ya unga wenye nguvu ya asilimia 70: vijiko vikubwa 10 kwa lita 20 ni ya miili na sakafu, kijiko 1 kwa lita 20 ni ya mikono. Wakikosea ndoo, mikono inachubuka na mtaa unasema hiyo ndiyo sumu yenyewe. Godoro likibidi kuchomwa, jipya liwe limeshafika. Ahadi ya “tutaleta” haina thamani pale.

Waliogusana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21, kila siku. Anayekwenda na kipimajoto asiwe mgeni, asivae fulana yenye nembo, asiandike majina barabarani majirani wakitazama. Mtu aliyeambiwa asiende shambani apewe chakula cha siku hizo. La sivyo atatoroka, na atatorokea kijiji ambacho timu haiwezi kufika bila wanajeshi.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni majibu ya maabara. Yakiwa hasi, yaani marehemu hakuwa na Ebola, timu huona kazi imekwisha na kuhamia nyumba nyingine, huku familia ikibaki imemzika mtu wao ndani ya plastiki bila kuelezwa chochote. Majibu hayo yapelekwe kwa mkono, na mtu yuleyule aliyekuja kutoa pole.