Mzigo unavuka bure, mtoto analipiwa

Kutoka hapa Columbus hadi Ann Arbor ni barabara moja tu, US-23. Unaelekea kaskazini, unapita Delaware, unaipita Toledo, na baada ya saa tatu na ushee uko mlangoni mwa Chuo Kikuu cha Michigan. Njia hiyo nimeipita na trela la friji nimejaza nyanya, nimeipita na vipuri vya magari, na siku zote mpaka wa Ohio na Michigan ni kibao tu kando ya barabara. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Sasa jaribu kumvusha mtoto hapo aende kusoma. Mwaka wa masomo 2024–25, mkazi wa Michigan aliyeanza shahada ya kwanza pale alilipa ada isiyofika dola 18,000. Anayetoka upande wetu wa kibao alidaiwa karibu 61,000, na hapo bado hajala wala hajapata pa kulala.

Naandika haya kwa sababu kwenye kundi letu la Watanzania wa Ohio kila Septemba swali ni lile lile: "Kaka, mwanangu ana A tupu, tupeleke wapi maombi ya ufadhili?" Na jibu huwa ni lile lile, kwamba Marekani mtoto akiwa na akili wanamlipia. Mwaka jana zamu ilikuwa yangu. Binti yangu Zuhura alitaka kusoma afya ya jamii, na alishajua anakotaka: Michigan, au North Carolina pale Chapel Hill. Vyote viwili ni vyuo vya umma vyenye jina kubwa kwenye fani hiyo. Na sisi tunaishi Ohio.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni hili: kwenye chuo cha umma chenye jina, mtoto wa jimbo jingine ndiye anayetazamiwa kulipa. Jimbo linatoa kodi za wananchi wake ili watoto wao wasome kwa nafuu. Fedha hizo zilipopungua mwaka hadi mwaka, pengo likazibwa na ada ya wanaotoka nje ya jimbo. Kwa hiyo kusema "mtoto wangu ni bora" hakutoshi, maana kila aliyeko kwenye foleni ni bora. Muuza samaki wa Deep Sea kule Tanga ambaye wateja wameizunguka meza yake hapunguzi bei hata umwite shemeji. Ufadhili wa ufaulu hutolewa na chuo ambacho bado kinakutafuta.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, nenda Tuscaloosa. Nikishusha mzigo upande ule napenda kupita karibu na Chuo Kikuu cha Alabama, na kwenye maegesho unasoma namba za magari za Illinois, Texas, New Jersey, Georgia. Zaidi ya nusu ya wanafunzi pale wametoka nje ya Alabama, na si kwa bahati. Chuo kimeweka jedwali la wazi kwenye tovuti yake: GPA hii (wastani wa alama za darasani) na alama hizi za mtihani, unapata kiasi hiki kila mwaka. Hakuna insha ya kumliza mtu wala mahojiano. Mtoto wa darasa la 11, mwaka mmoja kabla ya kumaliza sekondari, anaweza kulisoma jedwali hilo akajua anasimama wapi kabla hajajaza fomu yoyote. Jedwali la namna hiyo hulikuti Ann Arbor, hulikuti Berkeley kule California.

California ndiyo kali kuliko wote. Mfumo wa UC, yaani vyuo vya Chuo Kikuu cha California kama Berkeley na UCLA, unamtoza asiye mkazi nyongeza juu ya ada ya kawaida, na kwa 2024–25 nyongeza hiyo peke yake ilikuwa dola 34,200. Msaada wa chuo unaotolewa kwa kuangalia kipato haumfikii. Kuna ufadhili wa Regents, wa heshima kubwa na wa kugombaniwa, lakini kwa familia isiyo na shida ya kipato fedha yake ni ndogo mbele ya deni lenyewe. Nilimwambia Zuhura, mwanangu, California tutakwenda kutembea.

Halafu kuna viwango vya nafasi. Kwa miongo kadhaa Chapel Hill imekuwa na kikomo cha asilimia 18 kwa wanafunzi wapya wanaotoka nje ya North Carolina. Austin, kwenye Chuo Kikuu cha Texas, sheria ya jimbo inataka asilimia 90 ya nafasi za mwaka wa kwanza ziende kwa Watexas. Yaani mtoto anapigana mara mbili: kwanza apate nafasi, kisha apate wa kumlipia.

Hata hivyo Chapel Hill ndiko nilikojifunza mengi. Wana Morehead-Cain, ufadhili ulioanza mwaka 1945 kwa fedha za John Motley Morehead III, umeigwa kutoka ufadhili wa Rhodes wa Oxford, na jina la Cain likaongezwa 2007 baada ya mfuko wa familia hiyo kutoa dola milioni 100. Unalipa miaka yote minne, na kiangazi wanakupeleka kujifunza kazi na maisha. Haujali unatoka jimbo gani wala baba yako ana nini. Ila fomu yake inatakiwa mapema, mwanzoni mwa Oktoba, wakati watoto wengine bado wanabishana na walimu juu ya barua za mapendekezo. Upo pia Robertson, ulioanza mwaka 2000, unaounganisha Chapel Hill na Duke, majirani wasiopatana kwenye mpira wa kikapu. Kule Chuo Kikuu cha Virginia kuna ufadhili wa Jefferson Scholars, lakini huo hujiombei mwenyewe, shule ya mtoto ndiyo inayomteua. Kama una mtoto darasa la 11, nenda kwa mshauri wa shule ukamuulize kama shule yenu imo kwenye orodha ya zinazoteua. Wengi wao hawaulizwi, basi nao hawasemi.

Zuhura aliomba Morehead-Cain. Aliandika juu ya kina mama wa Kikongo wa mtaani kwetu anaowasindikiza kliniki kuwatafsiria, na jinsi mmoja alivyokuwa akimeza dawa ya mara moja kwa wiki kila siku kwa sababu kibandiko hakikusomeka kwake. Insha nzuri, nasema hivyo mimi baba yake, kwa hiyo punguzeni kidogo. Hakufika mwisho. Nafasi ni chache mno na waombaji ni maelfu, sikulala na kinyongo.

Tukahamia mlango wa pili, na huu wengi wanaupita bila kuugusa. Chapel Hill na Chuo Kikuu cha Virginia ni miongoni mwa vyuo vichache vya umma vinavyoahidi kuziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia kulipa hata kama mtoto hatoki kwenye jimbo lao. Michigan ahadi yake kubwa, Go Blue Guarantee, ni ya wakazi wa Michigan tu. Kwa familia yenye kipato cha kawaida, msaada wa kipato pale Chapel Hill unaweza kuzidi ufadhili wa ufaulu wa chuo kingine mara nyingi. Gharama yake ni kujieleza. Mbali na FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, wanataka fomu nyingine ya kipato na mali, CSS Profile, na hiyo inakuvua hadi soksi. Mimi lori ni langu mwenyewe. Fomu ikataka thamani ya lori, deni la lori, mapato ya lori, na matumizi ya lori. Mke wangu alikaa pembeni ananisomea risiti za dizeli kutoka kwenye boksi la viatu, mimi naandika, Zuhura anakagua hesabu na kutikisa kichwa. Lori si akiba ya benki jamani, ndilo linalotafuta ugali. Lakini kwenye karatasi ni mali, na mwenye mali anaonekana ana uwezo. Ukiwa na biashara ya namna hii, usitume fomu ukanyamaza. Iandikie ofisi ya misaada barua, ueleze lori likiuzwa familia inakula nini. Barua kama hizo zinasomwa.

Kabla ya kulipa hata senti ya maombi, fungua kikokotoo cha gharama halisi (net price calculator), kinachokukadiria familia itabaki kulipa kiasi gani. Sheria inavitaka vyuo viwe nacho kwenye tovuti tangu 2011. Najua Mtanzania akisikia kikokotoo anakumbuka mafao ya wastaafu na moyo unapasuka, lakini hiki kina faida. Ingiza kipato chako cha kweli. Usikipambe, usikipunguze.

Majimbo mengine yana milango midogo ya ajabu. Texas, mtu wa nje akipata ufadhili wa ushindani usiopungua dola 1,000 kutoka chuo cha umma, sheria inaruhusu chuo kumtoza ada ya mkazi. Austin wanabana sana matumizi ya kifungu hicho. Texas A&M na UT Dallas, vyuo vingine vya umma vya Texas, wamekuwa wakarimu zaidi. Florida mwaka 2021 walipitisha msamaha wa ada ya nje kwa wanafunzi wasiozidi 350 wenye babu au bibi anayeishi Florida na alama za juu za mtihani. Bibi yake Zuhura yuko Korogwe, na habari za Florida hataki kuzisikia. Majimbo ya magharibi yana makubaliano yao ya kutoza asilimia 150 ya ada ya mkazi, lakini Berkeley, UCLA na Chuo Kikuu cha Washington pale Seattle hawamo, na hapo mnaona tena ile habari ya foleni. Jirani zetu wa Indiana, Chuo Kikuu cha Purdue, hawajapandisha ada tangu 2013. Anayetoka nje anadaiwa 28,794 ya msingi, ile ile mwaka hadi mwaka. Kwangu mimi ada isiyopanda ni ufadhili, ingawa hakuna anayekuletea barua ya pongezi kwa ajili yake.

Na tuzungumze kidogo kuhusu hizo barua. Chuo kimoja, sikitaji, kilimletea Zuhura bahasha nene yenye jina lake kwa herufi za dhahabu na neno "Hongera" kubwa kuliko jina. Mama yake akapiga kigelegele jikoni. Nilipoifungua karatasi ya ndani nikakuta mistari minne. Wa kwanza, ufadhili wa ufaulu, dola 6,000. Wa pili, mkopo wa mwanafunzi. Wa tatu, kazi ya chuoni, ambayo ni mshahara wa jasho lake mwenyewe. Wa nne, mkopo wa mzazi, karibu 30,000. Chini wamejumlisha yote na kuyaita msaada, na kiasi kilichobaki kulipwa: sifuri. Nilichukua kalamu nyekundu, nikakata mstari wa pili, wa tatu na wa nne, nikajumlisha upya. Kigelegele kikaisha. Na mjue kwamba kuanzia Julai 2026 mkopo huo wa mzazi wa serikali umewekewa kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto, kwa hiyo hesabu za namna hiyo hata kwenye karatasi zitagoma.

Katika barua hizo tafuteni vitu viwili. GPA anayotakiwa kuilinda, maana 3.0 ya mwaka wa kwanza wa uhandisi siyo 3.0 ya sekondari. Na kama kiasi kimeandikwa kwa dola au kwa asilimia ya ada. Dola 10,000 za leo zitabaki 10,000 mwaka wa nne, ada haitabaki ilipo.

Kuna ndugu mmoja kwenye kundi aliuliza kwa nini asitumie anwani ya mjomba wake Houston. Ndugu yangu, wenzako walishajaribu. Ukazi wa mwanafunzi anayetegemea wazazi unafuata wazazi: kodi wanalipa wapi, leseni ya udereva ni ya wapi, wanaishi wapi kweli. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya Vlandis na Kline, iliwaambia Connecticut hawawezi kumhesabu mwanafunzi kuwa si mkazi moja kwa moja bila kumpa nafasi ya kuthibitisha. Lakini hata hapo ni kuthibitisha, na bili ya umeme ya mjomba haithibitishi kitu.

Na wale wanaonipigia kutoka nyumbani kwa ajili ya watoto wanaokuja na viza ya masomo: FAFSA si yenu, na ahadi hizi za kuziba mahitaji nyingi ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu. Kwenu vyuo binafsi vyenye mifuko mikubwa ni njia nyoofu zaidi kuliko vyuo vya umma vyenye majina. Morehead-Cain inapokea waombaji wa nje ya nchi, hilo jaribuni.

Zuhura mwishowe ameingia Ohio State, dakika ishirini kutoka nyumbani, kwa ada ya mkazi ya karibu dola 13,000 kabla ya ufadhili wake. Michigan walimpa nafasi bila fedha. Nilipiga hesabu ya tofauti kwa miaka minne nikaona ni bei ya lori jipya, na la pili nusu. Alinuna wiki nzima, akasema shahada ya uzamili ataisomea Ann Arbor na atavaa fulana yao. Nimemwambia sawa, ila Novemba wiki ya mechi ya Ohio State na Michigan, hapa Columbus wanapoziba kila herufi M kwa utepe mwekundu, fulana hiyo asiivae kwenye lori langu.