Lenzi Kwanza, Bodi Baadaye

Kabla ya kushika njia ya Kariakoo kutafuta kamera mpya, fungua picha 50 zilizokuharibikia na usome namba zake: kasi ya shata (muda wa kuingiza mwanga, kwa sehemu za sekunde), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f (uwazi wa lenzi: namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi) na milimita (lenzi inavuta kiasi gani). Humo ndimo utajua kama kifaa ndicho kilichokukwamisha.

Picha ya mtu anayecheza iliyopigwa kwa 1/30 lazima itikisike. Iliyoharibika kwa 1/500, mara nyingi fokasi imeangukia ukutani badala ya usoni. Chagua nukta moja ya fokasi, iweke jichoni. Na zile za Coco Beach saa saba mchana, macho yamezama kwenye kivuli cheusi, hazina dawa dukani. Jua la Dar linasimama utosini, hasa mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba. Rudi saa kumi na moja jioni.

Ukumbini kwenye sendofu ni habari nyingine. Lenzi iliyokuja na kamera, ile ya 18-55, ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu. Tuseme umelazimika kupiga kwa ISO 6400 na 1/30. Lenzi ya 50 mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi: sasa unapiga kwa 1/125 na ISO 2500, bodi ileile, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Sensa (kipande kinachopokea mwanga ndani ya bodi) ya fremu kamili, ambayo wengi huikimbilia kwanza, ina eneo kubwa mara 2.3 hivi tu kuliko sensa ndogo ya kamera kama hiyo. Hapo ndipo pesa nyingi zinapotea bure, na inauma kuona.

Ila f/1.8 ina masharti. Uso ukiwa karibu, jicho likikaa sawa sikio linapotea. Watu wakipanga safu mbili, rudi f/4 au zaidi. Tena kwenye sensa ndogo 50 mm inabana: sebuleni utagota ukutani kabla familia haijaenea. Jaribu bure kwanza. Funga pete ya zumu kwa selotepu kwenye 50, piga wiki nzima, kisha hamia 35. Ile usiyoihangaikia ndiyo ya kununua.

Bodi mpya ina haki yake kama unafuatilia vitu vinavyokimbia na fokasi inachelewa kila mara. Megapikseli 24 zinatosha kusafisha picha ya A3, basi usizifukuzie.

Ukinunua iliyotumika, fungua lenzi mpaka mwisho, mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa unyevu wa jiji hili ni jambo la kawaida. Ukipiga kuelekea kwenye mwanga, picha inakuwa na weupe kama maziwa. Iache. Kwa bodi, weka f/16, piga ukuta mweupe bila kuufokasi: madoa meusi yakiondoka kwa pampu ya kupulizia ni vumbi, yakigoma dai ipelekwe kusafishwa kwanza.

Nyumbani, usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Iweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika, na ubadilishe vifuko vikishashiba maji.