Boti ya Saa Tano Usiku

Kompyuta yetu ya mapokezi haikufa gizani. Giza ililistahamilia. Tangu Disemba 10, 2009, pale waya wa umeme unaotoka bara kupitia chini ya bahari ulipoharibika, Unguja nzima iliishi miezi mitatu kwa jenereta, mishumaa na ndoo za maji. Jenereta letu lilikaa uchochoroni, likitoa moshi mpaka nguo za majirani zikanuka petroli, na kila likikohoa kompyuta ilizimika, ikawaka tena kama haikuona kitu. Umeme ukarudi Machi 2010, vigelegele vikapigwa mitaani, na siku ya tatu yake mashine ikakata. Fundi wa Darajani aliifungua, akaniambia nitege sikio. Hadidiski ilikuwa inagonga, tak, tak, kisha kimya.

"Hii ishapiga shahada," akasema.

Nilikuwa na miaka 24, nikikaa mapokezi katika nyumba ya wageni ya ami yangu, Mkunazini, vyumba tisa. Wageni tuliwapata kwa barua pepe, na barua zenyewe wakati ule tulikuwa tunazishusha: zikishaingia kwenye mashine yetu, kule kwenye seva hazibaki. Kalenda nayo ilikuwa humo humo, na majina ya mawakala, madereva, manahodha wa kwenda Changuu, mpaka mwenye kutuletea barafu. Ami hakuuliza habari za kompyuta. Aliuliza, "Wageni wangu wako wapi?"

Walikuwa nyumbani kwetu, ndani ya droo ya cherehani ya mama. Kila mwezi nilikuwa nafunga programu ya barua, nachukua lile faili moja kubwa lenye kila kitu, la .pst, nalichoma kwenye CD. Ami alikuwa akiniona napoteza wakati. CD ya mwisho ilikuwa ya Februari, tena niliichoma jenereta likiwaka, roho mkononi.

Mashine mpya ilikuja na boti kutoka Dar, imefungwa kanga mbili. Fundi akaiweka sawa, akarekebisha saa ya pembeni mwa skrini kwa mkono, akala chapati zetu, akaondoka. Iliyobaki ikawa kazi yangu. Nikatia CD, nikaiambia Outlook, ile programu ya barua, ifungue faili, ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Nusu saa nzima nilikuwa nimeamini CD imeharibika, Ami nyuma yangu anavuta uradi. Kumbe faili la namna ile halifunguki likiwa ndani ya CD, maana programu hutaka kuliandika hata pale wewe unaposoma tu. Nikalinakili kwanza kwenye mashine, nikarudia. Ule mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ami akavuta kiti. Sijapata kumwona mtu akiutazama mstari vile. Hata mpira hautazami hivyo.

Barua zikajipanga. Majina yakawepo, ingawa nikiandika barua hayakujitokeza mpaka nilipotafuta mahali pa kuweka alama kwamba folda lile ndilo daftari la anwani. Tukakuta hata namba za simu zilizoanza na 0747, ambazo zamani zilikwisha kugeuka 0777. Ami akasoma jina moja moja kwa sauti. Barua za wiki za mwisho hazikuwemo, lakini hizo tulizikubali kama mtu anavyokubali kodi.

Kalenda nilifungua mwisho, ikajaa, nikafurahi. Sikuitazama vizuri.

Siku mbili baadaye wakala mmoja wa Hamburg akatuandikia, kwa adabu yao ile ya Kijerumani, kuuliza vipi barua zetu zinafika kabla hazijaandikwa: ameipokea asubuhi, nayo imepigwa tarehe ya jioni ya siku hiyo hiyo. Nikacheka, nikamjibu kwamba Zanzibar tuko mbele. Laiti ningetumia akili badala ya ulimi.

Jumapili, Machi 21, nikaandika kwenye ubao wa dereva: "Wageni 3, bandarini, saa tano usiku." Kalenda ndiyo iliyosema 11:00 usiku. Sisi huku tumezoea kuhesabu mara mbili, mashine ikisema 9 wewe unasema saa tatu, kwa hiyo saa ikinijia ya ajabu hudhani nimekosea mimi katika kugeuza. Ami alipita, akausoma ubao, akarudi nyuma.

"Boti gani hiyo inayoingia kutoka Dar saa tano usiku? Boti ya majini?"

Sikujua kama anakusudia majini ya baharini au ya kichwani. Nikatafuta ile karatasi ya wakala wao: Machi 22, saa tatu asubuhi. Nikafungua wageni wengine. Wa mwisho wa Machi wote wamerudi nyuma kwa saa kumi. Wa Januari, kwa saa kumi na moja. Hapo ndipo niliposhikwa na kizunguzungu, kwani kosa lingekuwa moja ningelielewa.

Mashine ilikuwa inaishi Marekani, pwani ya magharibi, walikosogeza saa zao mbele Machi 14. Fundi alisogeza mishale tu. Mahali alipaacha kama palivyotoka dukani. Nikafungua orodha ya majira ya saa, nikaitafuta Dar, nikaitafuta Zanzibar. Haipo hata moja. Ipo Nairobi.

"Hata saa tumeazima?" akasema Ami. Nikabonyeza Nairobi. Saa ya pembeni ikaruka mbele, nikairudisha, na kalenda nzima ikahama mbele ya macho yetu, kila mgeni akaingia asubuhi yake. Ami akasema alhamdulillahi, akaenda kuswali.

Mimi nikabaki nimetoa macho. Wageni wa zamani wamepona. Lakini wale niliowaandika mwenyewe tangu mashine mpya ifike, niliowatia kwa saa sahihi juu ya majira ya uongo, na wao wamesogea mbele kwa saa kumi. Walikuwa watatu, pengine wanne. Watatu nilikuwa na barua zao. Wa nne aliwekwa kwa simu, wala sikukumbuka kama ni kabla au baada ya kubonyeza Nairobi: wageni wawili, Machi 24, saa moja usiku. Sasa ni saa moja usiku kweli, niliyoitia baada ya kurekebisha, au ni saa tatu asubuhi iliyohama? Saa tatu ni boti. Saa moja usiku huenda ni ndege. Sikuandika hata hilo.

"Nenda bandarini asubuhi," akasema Ami. "Wasiposhuka, utakwenda kiwanja cha ndege usiku. Miguu unayo."

Nikasimama Malindi, nje ya lango la bandari, na kipande cha boksi chenye jina kwa wino mwekundu. Boti ikafunga gati saa tatu na robo. Wakashuka wachukuzi, wanafunzi, mama mwenye gunia la viazi akimgombeza mwanawe, halafu wazungu kumi na kitu, kila mmoja akalisoma boksi langu na kupita. Nilikwisha kulikunja kwapani pale mzee mmoja aliyepita zamani, mwenye kofia ya ukili, aligeuka, akarudi polepole na mkewe, akanyoosha kidole kwenye boksi. Jina ni lake, akasema, ila nimemkosea herufi mbili.